Besi Aliyeacha Jukwaa kwa Ajili ya Mapenzi

Tangu nipate akili sijawahi kumwona babu yangu, Cleophus Tillery, akitoa taka nje. Si kwamba ni mvivu, Mungu apishe mbali. Ni kwamba babu aliacha umaarufu kwa ajili ya mapenzi, na mtu wa namna hiyo humwombi abebe mfuko unaovuja mafuta ya samaki. Humwombi pia aoshe sahani, akate majani ya uani, wala ampishe mtu kile kiti cha kuegemea kilicho mbele ya televisheni. Kiti kile ni mnara wa kumbukumbu. Sisi wengine hapo nyumbani, mtaa wa Linwood, Detroit, tunakizunguka tu kwa heshima.

Kisa chenyewe tulilishwa pamoja na maziwa. "Mwaka wa sitini na tano," babu huanza, akishusha sauti mpaka vijiko vitetemeke kwenye droo, "tulikuwa vijana watano wa mtaa wa Elmhurst. Mimi ndiye besi, sauti ya chini kabisa. Wenye studio wakaja na mkataba. Nikawatazama wenzangu, nikawaambia, jamani, kuna msichana anaitwa Vernestine pale Collingwood. Tafuteni besi mwingine." Hapo humwangalia bibi, akapumua kama mtu aliyetoa figo.

Wenzake wakatafuta besi mwingine kweli. Wakatoa wimbo wao wa kwanza, na tangu hapo hakuna harusi, mazishi wala karamu ya nyama choma Detroit nzima iliyopita bila Watano wa Elmhurst. Babu akaenda kiwandani kufunga milango ya magari. Na bibi Vernestine akawa mwanamke aliyeupokonya ulimwengu sauti yake nene. Ukiwa na kosa kubwa namna hiyo, kumkaangia mume kambare kila Ijumaa ni adhabu nyepesi.

Taka ningezisamehe. Kinachonichoma ni kwamba bibi ana sauti. Mimi si mwepesi wa kusifu watu, waliosoma mashairi yangu wanalijua hilo, lakini bibi akiimba huku anasugua sufuria, hata majirani wenye kesi na sisi hupunguza redio. Kwaya ya kanisa letu imekwenda Chicago, Cleveland na Memphis, na kila safari ilimtaka aongoze. Kila safari babu aliegemea kitini na kuuliza kwa upole, "Vernestine, mimi niliacha jukwaa kwa ajili yako. Leo wewe utaniacha mimi kwa ajili ya jukwaa?" Bibi akakunja nguo alizokwisha kuzifungasha, akazirudisha kabatini.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya Birmingham, wiki nzima, mkutano wa kwaya kutoka kila upande wa kusini. Mama Earlene, kiongozi wa kwaya, hakutuma ujumbe. Alikuja mwenyewe mpaka jikoni, na kofia yake kubwa kama sinia.

"Verna," alisema, "mwaka huu sitaki kusikia utafikiri. Una miaka sabini na sita. Safari ijayo utaimbia ndani ya sanduku."

"Nitazungumza na Cleophus."

"Zungumza naye. Na akishakataa, njoo uzungumze na mimi."

Kutoka sebuleni ilisikika sauti nzito ikikohoa kwa huzuni ya miaka mingi.

Wiki ileile redio ikatangaza kwamba Watano wa Elmhurst wako kwenye ziara, na watapita nyumbani Detroit Jumapili mchana, baada ya ibada, saa ambayo mashabiki wao bado hawajasinzia. Bibi aliweka chini mwiko.

"Cleophus, twende."

"Wapi?"

"Nikawaone hao niliokupokonya mikononi mwao. Miaka yote hii sijawahi hata kuwaomba radhi."

Babu alikuwa anatafuna mkate wa mahindi. Ulimpalia, nikampiga mgongoni, akanywa maji, akasema bila shaka, kwa nini asiende, kwani yeye ana nini cha kuficha. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kama ana kitu cha kuficha.

Baadaye akaniita pembeni, mjukuu mpendwa ghafla. Akanieleza jambo ambalo kila mpenzi wa muziki wa soul analijua: makundi haya ya zamani siku hizi huzaana kama panya. Watano wa Elmhurst walikuwa wawili. Kundi moja ni la Lucius Gantry, mwimbaji kiongozi, ambaye peke yake kati ya wale waliorekodi wimbo wa kwanza bado anapumua. Kundi la pili ni la mjane wa meneja wao wa zamani, aliyebaki na haki ya jina, akakusanya vijana watano wenye meno mazuri. Yote mawili yalikuwa barabarani, yote yanapita Detroit majira yaleyale, na wazee wetu hununua tiketi ya hili wakajikuta kwenye lile, wakalia machozi yaleyale.

"Ununue ya mjane," babu alisema. "Ile ya Gantry achana nayo. Gantry sauti imekwisha."

"Umeisikia lini?"

"Watu wanasema."

"Lakini babu, si ni mwenzako? Si ungefurahi kukutana naye?"

Akanitazama kama nilivyomtazama mwalimu aliyeniambia mashairi si kazi. "Javon, nimekutuma tiketi. Sijakutuma maswali."

Nikanunua ya mjane. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, nami nilikuwa nimeanza kuuona mwisho wake pale kwenye kona.

Jumapili ikafika. Babu alitoka chumbani amevaa kijani kitupu: kofia kijani, suti kijani, viatu vya ngozi ya mamba vya kijani. Mamba mwenyewe hakuwahi kuwa kijani kiasi kile. Bibi alivaa zambarau na hereni za lulu, akashika upepeo wa karatasi wenye tangazo la nyumba ya mazishi, wale wauza majeneza, upande mmoja na picha ya malaika upande wa pili. Mama Earlene alikuwa ameshapata kiti karibu na vyetu, mstari wa nne. Eti ilitokea tu.

Ukumbi ulijaa watu wa rika lao, wamependeza kuliko maharusi. Kulikuwa na fimbo za kutembelea zilizong'arishwa, manukato ya kuangusha ndege, na mwanamume mmoja aliyevaa koti la manyoya katikati ya Julai kwa sababu alikuwa nalo.

Wakatoka Watano wa Elmhurst. Hapakuwa na hata mmoja aliyezaliwa wakati wimbo wao wa kwanza unatoka. Wengine mama zao walikuwa hawajazaliwa. Suti nyeupe, viatu vyeupe, wote wanageuka kwa pamoja, wanapiga vidole, wanatupa mguu, wanashuka goti moja na kuinuka kana kwamba sakafu imewasukuma. Yule wa katikati alikuwa na umri wangu, akaimba jinsi alivyomlilia mwanamke mmoja kwa miaka arobaini. Nilijiuliza alianza kumlilia akiwa wapi. Lakini nitasema kweli hata kama inaniuma: walikuwa wazuri, washenzi wale. Sauti zao tano ziligusana bila kugongana. Bibi akafumba macho, na upepeo ukawa unapepea kwa mdundo.

Babu naye alichanua. Hapakuwa na mzee yeyote jukwaani wa kumkosoa, basi akawa profesa.

"Yule besi anaitolea kooni," aliwaambia mstari mzima. "Besi haitoki kooni. Inatoka kwenye soli za viatu."

"Na wewe uliwahi kuitoa wapi, Cleophus?" Mama Earlene aliuliza. "Maana kanisani nakusikiaga ukikohoa tu."

"Mimi niliacha, Earlene. Niliacha kwa ajili ya mapenzi."

"Tunajua, baba. Hata mbwa wetu anajua."

Mwanamume wa mstari wa nyuma akainama. "Mzee, kumbe wewe ulikuwa mmoja wao?"

"Besi wa kwanza," babu alijibu, akiigusa kofia yake. Wanawake wawili wakageuka kumwangalia. Bibi akafumbua macho, akaangalia magoti yake. Ndiyo kawaida yake babu akianza. Kwa hasira niliyokuwa nayo ningeweza kung'oa kiti.

Ndipo yule kijana wa katikati akasimamisha muziki.

"Detroit," alisema, akijifuta jasho, "mnajua tumekuwa na maneno kidogo katika familia yetu. Nyumba mbili, jina moja. Lakini hatuwezi kuja nyumbani tukiwa tumenuniana. Mama mwenye kundi na mzee wetu wamekaa meza moja, wamekula, wamelia. Kwa hiyo leo, na kuanzia leo, mpokeeni mtu wa mwisho kati ya wale watano wa kwanza. Bwana Lucius Gantry!"

Ukumbi mzima ukasimama, isipokuwa mtu mmoja wa kijani. Babu alichukua upepeo mkononi mwa bibi, akaufunika uso. Kwa hiyo upande wetu palionekana tangazo la nyumba ya mazishi.

"Cleophus," bibi alisema, "si mwenzako huyo? Mbona husimami?"

"Goti," upepeo ukajibu.

Gantry akaja polepole na fimbo, suti nyeupe imemzidi, akakaa kwenye kiti kirefu. Sauti ilikuwa imekwisha kweli, nusu yake. Nusu iliyobaki akaitumia kama mtu anayejua hapati nyingine. Alipofika penye ule mstari wa wimbo wao mkubwa ambao kila mtoto wa Detroit anaujua, hakuimba, alisema tu, na wale vijana watano wakaimba nyuma yake taratibu. Mwanamume wa koti la manyoya alikuwa analia waziwazi. Mimi nilikuwa na kitu jichoni. Vumbi. Ukumbi wenyewe wa zamani.

Sasa, kila onyesho la namna hii lina desturi yake, na desturi hiyo ndiyo iliyommaliza babu. Wimbo ukifika katikati, mwimbaji hushuka jukwaani na maiki, akapita kwa akina mama, akawapa mmoja mmoja waimbe kiitikio. Ni hatari kubwa. Wapo walioimba hadi bendi ikaomba maji. Lakini ukimnyima mama maiki, umeua onyesho. Gantry akashuka ameshikwa mkono na yule kijana, akawapita wa mstari wa kwanza waliokuwa wanapigana viwiko, wa pili, wa tatu. Bibi hakusukuma mtu. Alisimama tu, na zambarau yake, na lulu zake.

"Imba, dada yangu," Gantry alisema, akamwekea maiki mdomoni.

Bibi akaishika. "Nitaimba, ndugu Gantry. Kwanza nina swali."

"Muulize, mama!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. Watu wetu hawawezi kuona swali wakaliacha peke yake.

"Unamfahamu mtu anaitwa Cleophus Tillery?"

Swali likapita kwenye spika zote za ukumbi ule. Nyumba ya mazishi ilishuka kidogo kwenye kiti.

Gantry akakunja uso. Akarudia jina hilo polepole. Bendi ilikuwa inapiga chini kwa chini, na kadiri alivyoendelea kutafuta kichwani ndivyo nilivyoona nyumba yetu yote ikibomoka, kiti cha kuegemea kwanza. Mwongo, nikasema moyoni. Hata Elmhurst yenyewe huenda hakuwahi kupita.

"Tillery," Gantry alisema. "Cleo. Cleo Saa Mbovu!" Akacheka mpaka fimbo ikamtoka. "Mungu wangu, Saa Mbovu! Besi wetu wa kwanza! Yuko hai?"

"Yuko hai," bibi alisema. "Niambie aliwaacha vipi."

"Alituacha?"

"Sema naye, mama!" ukumbi ukaitikia.

"Dada, yule hakutuacha. Tulimpigia kura atoke. Tulikuwa tunafanya mazoezi chumba cha chini nyumbani kwa shangazi yangu, kila Jumanne na Alhamisi. Sisi tunaanza, besi hayupo. Tunamaliza, besi ndiyo kwanza anaingia. Siku watu wa studio wanakuja kutusikiliza, besi hayupo! Nikatoka mwenyewe kumtafuta mtaa kwa mtaa. Unajua nilimkuta wapi?"

"Wapi?" aliuliza ukumbi mzima, pamoja na wapiga tarumbeta.

"Collingwood. Amekaa kwenye ngazi za baraza ya watu, mikono magotini. Kuna msichana anaishi pale. Nikadhani basi angalau yuko na msichana. Wapi! Msichana yuko ndani, anaosha vyombo huku anaimba. Hata hajui kuna mtu nje. Namwambia, Cleo, watu wa studio wamefika. Ananijibu, 'Ngoja amalize ubeti huu.'"

Ukumbi ulilipuka. Mama Earlene alikuwa anajipiga paja kwa kofia yake. Bibi hakucheka.

"Baba yangu," alisema taratibu, na maiki bado iko mdomoni, "alikuwa akisema kuna kijana wa kuuza bima nyumba kwa nyumba anakaa kwenye ngazi zetu, na hauzi bima."

Gantry akamtazama vizuri sasa. Akavua kofia. "Ndiye wewe."

"Ndiye mimi." Kisha akageuka, akaushika ule upepeo kwa vidole viwili, akaushusha. Akatokea babu, amelowa jasho mpaka kijani imekuwa nyeusi.

"Cleophus. Walikufukuza?"

Babu akaangalia viatu vyake. Humo ndimo besi inamotoka, lakini siku hiyo hamkutoka kitu. "Walinifukuza."

"Kwa kukaa kwenye ngazi za baba yangu."

"Ndiyo."

"Kunisikiliza mimi naimba."

"Ulikuwa unaimba vizuri, Vernestine."

"Miaka yote umeniambia uongo, na ukweli ulikuwa mtamu kuliko uongo wenyewe? Mwanamume mjinga we!"

"Ningekuambiaje nimefukuzwa? Ungeolewa na mtu aliyefukuzwa?"

"Huyo ndiye ningemkimbilia!" Watu wakapiga makofi. Bibi akainua kidole, wakanyamaza. Hata Gantry hakuwahi kuwanyamazisha hivyo. "Na mimi umenikalisha nyumbani. Chicago sikwenda. Memphis sikwenda. Sauti uliyoifuata mpaka wakakufukuza, ukaifungia jikoni."

Nilikuwa sijawahi kumwona babu akikosa neno, na nakiri nililisubiri tukio hilo tangu utotoni. Lakini lilipofika halikunipa raha niliyoipangia. Alikuwa mzee wa kijani tu.

"Dada," Gantry alisema kwa adabu, "kiitikio kinakungoja."

Bibi akaimba. Hakuimba kiitikio, aliimba ubeti mzima, na wale vijana watano wenye meno mazuri wakasogea mpaka ukingoni mwa jukwaa, wakaacha kutupa miguu. Yule mwenye umri wangu alisahau kuingia zamu yake. Gantry akatoa taulo lake la jasho, lile ambalo akina mama wa mbele walikuwa tayari kulitolea roho, akamfunga bibi shingoni kama nishani. Na mstari wa nne, chini kabisa, nilisikia kitu kikitetema kwenye mbao za sakafu. Babu alikuwa anamshikia besi, amefumba macho. Alichelewa kuingia, bila shaka. Lakini haikuwa ikitoka kooni.

Tulirudi nyumbani. Bibi hakuvua hata viatu. Alipita sebuleni, akakaa kwenye kile kiti cha kuegemea, akavuta kishikio cha pembeni, miguu yake ikapanda juu. Sikujua kwamba kishikio kile humsikiliza mtu mwingine. Taulo lilikuwa bado shingoni.

Babu alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Septemba naenda Birmingham," bibi alimwambia. "Wiki nzima. Earlene ameshaandika jina langu."

"Nami nitafanya nini wiki nzima?"

"Utakaa kwenye ngazi ungoje. Kazi hiyo una uzoefu nayo."

Nilidhani atakohoa kwa huzuni. Akaitikia kwa kichwa tu. Kisha akaenda jikoni, nikasikia mfuko ukifungwa fundo. Akapita mbele yetu na suti ya kijani na viatu vya mamba, amebeba taka, zinavuja kwenye zulia toka jikoni mpaka barazani. Hakujua kwamba mfuko huwekwa ndani ya mwingine. Angejuaje?

Hakurudi upesi. Nilipochungulia dirishani alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono magotini.

"Nimwite ndani, bibi?" niliuliza.

Bibi aliinuka, akaenda kwenye sinki, akafungua maji juu ya sahani za asubuhi, akaanza kuimba.

"Mwache," alisema. "Ngoja nimalize ubeti huu."